Wavu Usioruhusiwa Kugusa Chini

Saa mbili na robo asubuhi, Jumapili. Veneranda Bukuru ametoka misa ya kwanza na hajabadili hata gauni la kanisani. Amejifunga kanga kiunoni, amesimama uani kwenye nyumba moja ya Kasingirima, Ujiji, mikono ameinyanyua juu ya kichwa, anashona wavu wa dagaa unaoning'inia kwenye nguzo za mchikichi.

Kando yake wamesimama watu watatu ambao mwezi uliopita hawakuwa wamewahi kushika sindano ya nyavu. Shadia Mwinyimvua, 27, ni mcheza ngoma kutoka Bagamoyo. Zénon Ndayiragije, 39, anachonga ngoma na kuzipiga; alizaliwa huku huku Kigoma, wazazi wake walitoka Burundi. Mélanie Niyonkuru, 51, anasuka vikapu.

Zénon ndiye anayesikika, kwa sababu anahema.

"Zénon, legeza," anasema Veneranda bila kugeuka. "Umekaza tena."

"Nimelegeza, mama."

"Umekaza. Nakusikia unavyovuta uzi. Hiyo siyo ngozi ya ngoma, hiyo nyavu. Ikikosa nafasi ya kujaa itabeba nini?"

Zénon anafumua mafundo aliyoyafunga tangu asubuhi. Mélanie anauma midomo asicheke.

Keshokutwa jioni boti ya nahodha Leodgar Kagoma inatakiwa kurudi ziwani, na wavu huu ni wake. Wasipoumaliza, au wakiumaliza naye akaukataa, Veneranda hatapoteza kazi ya boti hiyo peke yake. Atakuwa amepoteza jina alilolijenga kwa miaka kumi na tisa katika mwalo wa Katonga, zinakotia nanga boti za dagaa, ambako yeye ndiye mwanamke pekee anayeshona nyavu za dagaa.

Kwa asiyeijua Katonga, mambo yako hivi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na taa haina maana mwezi ukiwaka. Kwa hiyo siku za giza wavuvi wako majini, na siku za mbalamwezi wako nchi kavu. Wanalala, wanaoa, wanagombana, wanatengeneza taa. Nyavu zao wanawapa mafundi.

Mafundi wa Katonga hukaa mchangani, wavu umetandazwa miguuni, redio kando. Kazi haina haraka, na masimulizi hayana mwisho.

Veneranda, 46, hajawahi kukaa nao.

"Baba alikuwa fundi, na mimi nilikuwa namshikia uzi," anasimulia. "Macho yake yalipoingia ukungu, mimi nikawa naona kwa niaba yake. Mwisho nikawa nashona, yeye anapapasa tu, anasema hapa sawa, hapa rudia. Alipoacha kabisa, manahodha wakaja kuchukua nyavu zao. Nikawaambia, hizo mlizovulia mwaka mzima nimeshona mimi."

Walijadiliana siku mbili. Katika mwalo ule wapo wanaoamini kwamba mwanamke akiruka wavu, yaani akipitisha mguu juu yake, wavu huo unafungwa: dagaa watauona na kuukwepa. Si kila mtu anaamini hivyo, lakini wanaoamini wanatosha kujaza boti.

Mwishowe manahodha wanne walikubali kumpa kazi kwa sharti moja. Wavu usiguse chini. Uning'inizwe juu muda wote, ili hata mtu akitaka kusema Mama Esther, kama anavyoitwa mwaloni, ameuruka, akose pa kuanzia.

Ndiyo sababu ya zile nguzo, na ndiyo sababu anashona akiwa amesimama. Kwa mbalamwezi moja, nyavu nne humpatia kama shilingi laki moja na nusu, achilia mbali miezi ambayo ziwa linafungwa na hakuna anayepata kitu. Amemsomesha Esther, binti yake, hadi kidato cha nne kwa fedha hizo na kwa shamba la maharage lililoko Simbo.

Mwaka huu akaja Catherine Ruhaza.

Catherine, 41, alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kufungua Nyumba ya Mikono. Huchukua watu wanane kwa wiki nane: wanne wageni, wanne wenyeji. Wageni wanalala hapo, wenyeji wanakwenda kwao jioni. Hakuna darasa. Kila mmoja anafanya kazi yake, na nusu ya siku anashinda kwenye kazi ya mwenzake. Katikati ya wiki hizo wanawaonyesha majirani walichokifanya pamoja.

Hapo mwanzo aliiita kambi ya wasanii. Mjumbe wa mtaa alimjia asubuhi yake akiuliza wakimbizi wanaletwa wangapi. Tangu hapo ni nyumba.

"Nilipomwendea Mama Esther alinikatalia mara mbili," anasema Catherine. "Ananiambia, mimi si msanii, mimi fundi. Nikamwambia, sasa msanii asiye fundi mimi nimtoe wapi?"

Mara ya tatu Veneranda alikubali, naye akaweka sharti lake. Wiki ya tano ya programu ingeangukia mbalamwezi, na mbalamwezi ni kazi. Angekuja na wavu wa Leodgar na nguzo zake. Catherine akasema hata na boti aje nayo.

Siku aliyoutundika wavu uani, aliwakusanya wenzake akawaambia neno moja: "Hii msiishushe."

Hakusema kwa nini. Leo analirudia jambo hilo mara tatu katika mazungumzo yetu, kila mara akiangalia pembeni.

"Niliona haya. Nitaanzaje kumwambia Shadia, mtoto wa juzi, kwamba nasimama kutwa kwa sababu ya kuitwa mwanamke? Yeye ananiita dada mkubwa, ananisifu kwa wenzake. Nikaona nikimwambia nitashuka machoni pake. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikotufikisha hapa."

Wenzake walielewa walivyoelewa: kwamba wavu ukishushwa utajisokota.

Jumatano ya wiki hiyo Veneranda alikwenda Simbo kuvuna. Uani, Shadia alikuwa akihangaika na mchezo wa kufungulia maonyesho ya Jumapili, umebaki siku nne na hauna kichwa wala miguu. Aliutazama ule wavu, mweusi, mpana kama ukumbi, unayumba kidogo kwa upepo wa ziwani. Akamwita Zénon.

Waliushusha kwa adabu zote, na adabu hizo ndizo zilizoharibu. Walifagia ua kwanza. Waliutandaza taratibu, wakanyoosha pembe zote nne, lisijisokote hata tundu moja. Shadia akawaamuru wote wavue viatu, kwa heshima ya kazi ya Mama Esther. Kisha Zénon akapiga ngoma, na wanawake wawili, Shadia na Mélanie, wakacheza juu ya wavu wa Leodgar kwa saa nzima.

"Nilikuwa najisifu," anasema Shadia. "Nilisema leo ndiyo tumeupata mchezo. Nikarekodi kipande nikakiweka kwenye simu, nikaandika, kazi ya dada yetu Veneranda."

Kabla ya adhuhuri kipande hicho kilikuwa kimefika Katonga. Katika boti ya Leodgar wapo wavuvi saba, na wote saba walikuwa wamekiona, wengine mara mbili.

Veneranda alirudi jioni na gunia la maharage. Wavu ulikuwa umeshatundikwa mahali pake, vizuri kabisa. Ilikuwa simu ya Esther iliyomwambia.

"Nikakaa juu ya gunia," anasema. "Sikumwambia mtu kitu. Nililia kidogo, nikanawa, nikaenda nyumbani."

Asubuhi iliyofuata Leodgar, 52, alifika Kasingirima pamoja na Samson Ntibashira, mvuvi wake wa miaka mingi. Shadia aliwapokea kwa shikamoo. Waliitikia, lakini hawakukaa.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo, kwa kuwa alikuwa amekuja kuandika habari ya maonyesho. Maonyesho yenyewe yaliishia hapo.

"Mama Esther, mimi naenda kanisani, unanijua," alianza Leodgar. "Mwenyewe ningeichukua hivi hivi. Lakini mimi sivui peke yangu."

"Nani amekataa?"

"Wote."

Samson akaingilia, sauti ya chini. "Mama, tusidanganyane. Majini huko ukitupa nyavu na moyo umegawanyika, unachelewa kuvuta. Ukichelewa kuvuta, umekosa. Mimi nina watoto sita. Sitaki nikikosa nianze kukuwaza wewe."

Shadia aliuliza, kwa nia njema tu, kama haingesaidia iwapo yeye ndiye angelaumiwa, kwa kuwa ndiye aliyecheza na Mama Esther hakuwepo.

"Binti, wewe wiki ya nane unapanda basi," alisema Samson. "Jina lililobaki kwenye nyavu ni lake."

Zénon alisogea mbele, akainamisha kichwa. "Mbabarira, mama," alisema kwa Kirundi, akiomba radhi. "Mikono iliyofungua kamba ni yangu."

Veneranda alikuwa ameshaanza kupapasa wavu, anahesabu kwa vidole. Kisha akawageukia wanaume wawili kama anayezungumzia bei ya uzi.

"Wamekanyaga tumbo la nyavu, hii ya katikati. Pembeni hawakufika, nimeangalia ile video. Nikikata tumbo lote nikaweka kitambaa kipya cha nyavu, mtaichukua?"

Leodgar akamwangalia Samson. Samson akauliza ni siku ngapi. Veneranda akasema giza linaingia Jumanne, na kabla ya Jumanne itakuwa tayari.

"Peke yako huwezi," alisema Leodgar. "Hiyo kazi ya wiki mbili."

"Siko peke yangu hapa. Ninao hawa waliokanyaga."

Samson akasema washone, mradi wavu usishuke tena, na mradi yeye mwenyewe atakagua.

Kitambaa kipya kilinunuliwa kwa fedha ambazo Catherine alikuwa amezitenga kwa ajili ya jukwaa, vipaza sauti na soda za wageni. Tumbo la zamani lilikatwa Alhamisi hiyo hiyo. Lililobaki lilikuwa ni kushona: kuunganisha kitambaa na kingo za wavu, tundu kwa tundu, na matundu ya wavu wa dagaa ni madogo kuliko punje ya mahindi.

Veneranda anasema siku ya kwanza alifumua zaidi ya walichoshona. Mikono ya kila mtu ilikuwa na tabia yake. Zénon, ambaye maisha yake yote anavuta ngozi mpaka ilie, hakuweza kuacha uzi upumue. Shadia alishona kwa kasi na kuruka matundu. Mélanie ndiye pekee aliyeelewa kwa haraka, ila naye alikuwa na ugonjwa wake.

"Alinipambia nyavu," anasema Veneranda. "Nageuka naona ukingo umesukwa kama kikapu cha harusi. Namwambia, Mélanie, dagaa hawaangalii."

"Sijui kushona vibaya," anajibu Mélanie kutoka upande wa pili, bila kuinua macho.

Kufikia Ijumaa jioni, jambo jingine lilijitokeza. Shadia, ambaye mwili wake ndio kazi yake na hujinyoosha saa mbili kila asubuhi, hakuweza kuinua kikombe cha chai. Mabega yalikuwa yamekufa.

"Nikamuuliza, dada, wewe hili unaliweza vipi? Akafungua gauni kidogo begani akanionyesha," anasema. "Bega la kulia limevimba, halirudi. Hawezi kuchana nywele zake mwenyewe. Esther ndiye anayemchana. Tumeishi naye wiki tano, tunashinda kwenye kazi yake, tunajiita watu wa kutazama, na hakuna aliyeona."

Mganga wa zahanati alimwambia Veneranda miaka mitatu iliyopita kwamba asipoacha kuinua mikono, bega hilo litakoma kabisa. Hakumwambia nahodha yeyote. Angesema nini? Mafundi wa mchangani wanazeeka na mabega yao mazima.

Jumapili hii ndiyo iliyokuwa siku ya maonyesho. Saa nne majirani wanaanza kuingia: akina mama waliotoka kanisani, vijana, wazee wawili wa msikiti wa jirani ambao Catherine aliwaalika tangu mwezi jana. Hakuna jukwaa. Hakuna soda. Wanawakuta watu wanne wamesimama na sindano.

Catherine anaeleza kilichotokea, bila kuficha kitu. Mzee mmoja anauliza kama wanaruhusiwa kusaidia. Veneranda anasema hapana, nyavu ya watu siyo ya kuchezea tena. Basi wanakaa kutazama. Wengine wanaondoka baada ya dakika kumi, wakinung'unika kwamba wameitiwa ngoma. Wengine wanabaki mpaka saa saba, na mama mmoja anakwenda kwake na kurudi na sufuria ya viazi.

Wanamaliza Jumatatu saa kumi na moja jioni.

Leodgar na Samson wanakuja kukagua. Samson anapitisha vidole kwenye mshono wote, polepole, macho ameyafumba. Mahali pamoja anasimama.

"Hapa nani?"

"Mimi," anasema Zénon.

Samson anatoa kisu na kukata kama futi mbili za mshono. "Rudia, Mama Esther." Veneranda anarudia mwenyewe, nusu saa. Mbele kidogo Samson anasimama tena, anagusa ukingo wa Mélanie, anaguna. Huo anauacha.

Wavu unakunjwa ukiwa hewani, unapakiwa kwenye guta moja kwa moja kutoka kwenye nguzo.

Jumanne jioni boti ya Leodgar ilitoka na wavuvi sita. Samson hakupanda. Alisema mgongo unamuuma, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Jumatano asubuhi, jua likiwa limeshachomoza vizuri, Veneranda alisimama Katonga mbali kidogo na maji, kanga begani. Boti zilikuwa zinaingia moja moja. Wanawake wa dagaa walikuwa wameshapanga makarai yao. Leodgar alikuwa wa nne.

Karai kumi na moja.

Boti iliyotangulia ilipata kumi na tatu. Iliyofuata ilipata tisa. Wanawake walinunua, wakalalamikia bei, wakaenda kuanika. Hakuna aliyemtazama Veneranda mara mbili.

Alishusha pumzi, akajipangusa uso kwa pembe ya kanga.

"Hicho ndicho nilichokiomba," alisema. "Watu wanadhani niliomba boti ijae. Thubutu. Wangekosa, ni mimi. Wangejaza, wangesema nyavu imetakaswa, na mwakani wangetaka itakaswe tena. Niliomba usiku kama usiku mwingine. Dagaa wakutane na nyavu, basi."

Usiku wa tatu mgongo wa Samson ulipona.

Hayo hayakuwaridhisha wote. Kati ya manahodha wanne, wawili wamehamishia nyavu zao kwa mafundi wa mchangani. Mmoja alimtumia ujumbe wa simu. Mwingine hakusema kitu, alimtuma mtu kuja kuchukua. Kipato cha Veneranda kimekuwa nusu, na hafichi kwamba kinamuuma. Ada ya chuo cha Esther bado haijulikani itatoka wapi.

Catherine naye amebadili utaratibu. Katika programu ijayo, anayeleta kazi yake ndani ya nyumba ataeleza kwanza kinachoizunguka, na wenzake watamuuliza hadi waelewe. Amemwomba Veneranda awe mwenyeji wa kwanza. Shadia ameahidi kwamba akirudi Bagamoyo atapiga simu kila Jumapili. Anatunga mchezo wa watu wanne waliosimama na mikono juu, na amesema hautaonyeshwa popote kabla Mama Esther hajauona.

Veneranda ana wazo jingine, na amelipeleka kwa Leodgar mwenyewe.

"Nimemwambia hivi. Nyavu yako imekanyagwa na wanawake wawili, imeshonwa na mikono minane, sita ya wanawake, na imeleta karai kumi na moja. Kwa hiyo mbalamwezi ijayo nitaishona nimekaa. Chini, mkekani, nyavu miguuni, kama baba. Ukiona haifai, ipeleke kwingine. Mimi bega langu limekwisha."

Leodgar, alipoulizwa na mwandishi, alikuwa akifunga taa zake kwenye mlingoti.

"Nimemsikia," alisema. "Samson naye nimemwambia. Amekaa kimya, na Samson akikataa huwa hakai kimya." Akavuta kamba, akaijaribu. "Nyavu nitapeleka. Akae atakavyokaa."

Zimebaki siku kumi na mbili mwezi uwake. Nyumbani kwa Veneranda, Katonga, nguzo za mchikichi zimelazwa ukutani; jirani ameshaziulizia kwa ajili ya banda la kuku. Mélanie amepewa kazi ya kusuka mkeka, na tayari wamebishana kuhusu ukubwa wake, maana Mélanie alipima wa mtu mmoja.

"Nimemrudisha," anasema Veneranda. "Nataka mpana. Esther anaanza kujifunza, na yeye hatajifunza amesimama."